Farasi wa kwenye picha hawatoi umri wa picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa fremu, nina kibanda Magomeni, na mwaka huu natimiza miaka 26 nikikata mbao na vioo. Mezani kwangu hupita picha za harusi, vyeti vya shahada, aya za Kurani, mahujaji waliopigwa picha mbele ya Kaaba, na michoro ya Tingatinga inayopelekwa ng'ambo kama zawadi. Mara moja moja huja picha ya rangi ya mafuta iliyochorwa Ulaya. Moja ya hizo ililetwa mwezi wa tatu, na tangu siku ile sijatulia.

Ilikuja imefungwa kwenye kitenge, imebebwa na mama mmoja wa Upanga, mjane, aliyekwishavuka miaka sabini. Marehemu mumewe alikuwa baharia. Mwaka 1978 meli yao ilitia nanga Le Havre, Ufaransa, na mabaharia wakapewa siku mbili za mapumziko. Akapanda treni hadi Paris, akarudi melini na picha hii kwapani. Ikavuka naye bahari mpaka Dar es Salaam, ikatundikwa sebuleni, na hapo ukutani ndipo ilipokaa miaka yote, watoto wakazaliwa na kuoa wakiiona.

Upana wake ni sentimita 46, kimo 33. Inaonyesha ukingo wa mto Seine wakati wa magharibi, mvua imeacha kunyesha muda si mrefu. Kushoto kuna ukuta wa mto na juu yake makasha ya kijani ya wauza vitabu vya zamani, mengine yamefunguliwa, mengine yamefungwa. Katikati yanapita magari mawili ya farasi. Wanawake wameshika magauni yao yasiburuzike kwenye maji. Ng'ambo ya mto limesimama kanisa la Notre-Dame na mnara wake mwembamba uliochongoka. Mchoraji alipiga farasi kwa miguso michache tu ya brashi, ukisogea karibu unaona mabaka ya kahawia na jeusi, ukirudi nyuma hatua tatu unaona farasi anatembea. Mtu huyo alikuwa na mkono mwepesi.

Kilichoipa picha ile uhai ni mwanga wa taa uliomwagika kwenye mawe ya barabara yaliyolowa. Nasema kilichoipa, kwa sababu mwanga wenyewe haupo tena. Robo ya chini upande wa kulia imefutwa. Pale palipokuwa na rangi ya chungwa na ya manjano pamebaki weupe wa lipu ya chini inayopakwa kabla ya rangi, na kwenye vilele vya nyuzi turubai, yaani kitambaa kinachochorewa, liko wazi, kama goti la suruali ya mwanafunzi iliyochakaa. Sahihi ya mchoraji ilikuwa kona hiyo hiyo. Zimebaki herufi tatu za mwanzo.

"Fundi, hebu iangalie mwanangu," aliniambia. "Inarudishika?"

Nilimpa kiti kwanza, ndipo akanisimulia.

Usiku wa tarehe 15 Aprili 2019 alikuwa akiangalia taarifa ya habari, akaliona kanisa lile likiungua. Mnara ulianguka ikikaribia saa tatu usiku kwa saa zetu. Aliinuka, akaishusha picha ukutani, akakaa nayo mapajani mpaka televisheni ilipozimwa. Kwake yeye lile halikuwa kanisa la Wafaransa, ilikuwa sebule yake inaungua. Kanisa lilipofunguliwa tena Desemba 2024, habari zikarudi kwenye televisheni, na ndugu mmoja akamwambia kwamba picha za Notre-Dame sasa zimepanda bei, asikae na mali ukutani. Ndugu huyo huyo akamletea mtu aliyejitambulisha kuwa mthamini wa vitu vya kale.

Mthamini huyo simjui na wala sitabahatisha jina lake. Kwa maelezo ya mama, aliitazama picha dakika mbili, kwa mbele tu, akasema: magari ya farasi haya, magauni haya, hii ni ya mwaka 1900 au kabla, ina zaidi ya miaka mia, ni mamilioni. Ila imechafuka, na wanunuzi wa Ulaya hawataki picha chafu. Akadai shilingi 350,000 za kuisafisha. Akapewa. Akaketi barazani, akatoa pamba na chupa ya thina, akaanza kusugua kuanzia kona ya chini. Mama alipoisikia ile harufu alitoka jikoni, akakuta pamba imegeuka rangi ya chungwa. Yule bwana akasema huo ni uchafu wa moshi unatoka.

Mhariri, ule haukuwa moshi. Zilikuwa taa za Paris zinatoka.

Kosa lote lilianzia kwenye sentensi ile ya farasi, na nimeisikia mara nyingi hata kwa watu waliosoma. Kuna picha ya zamani, na kuna picha ya mambo ya zamani, na hizo ni mbili. Vitu vilivyomo ndani ya picha vinakuambia tu kwamba isingeweza kuchorwa kabla ya wakati fulani. Mnara ule wa Notre-Dame ulioanguka, kwa mfano, ulisimamishwa mwaka 1859 na msanifu Viollet-le-Duc, basi picha yenye mnara ule ni ya baada ya hapo. Baada ya hapo lini? Picha haisemi. Kijana wa Bagamoyo anaweza leo hii kuchora msafara wa wapagazi na pembe za ndovu unaingia mjini, na rangi ikawa bado mbichi.

Kwa Paris jambo hili linajulikana vizuri, kwa kuwa kuna wachoraji walioishi kwa kuuchora mji ule kama ulivyokuwa. Édouard Cortès, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki mwaka 1969, alizichora barabara za Paris zenye mvua na taa tangu ujana wake, akiwa anayaona magari ya farasi kwa macho yake. Baada yake akaja Antoine Blanchard, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Marcel Masson. Huyu alizaliwa mwaka 1910. Basi la mwisho la kuvutwa na farasi mjini Paris liliacha kazi Januari 1913, yeye akiwa na miaka miwili. Paris aliyoichora maisha yake yote, ya kofia ndefu na mabasi ya farasi, hakuishi ndani yake. Aliitoa kwenye postikadi na picha za kale, akaichora miaka ya 1950, ya 60 na ya 70, na picha zake nyingi zikauzwa Marekani kwa watu waliotaka kuwa na jioni ile ukutani. Alifariki mwaka 1988. Mtu akikuambia Blanchard ni wa mwaka 1900 kwa sababu ya farasi, ujue hajui anachokisema.

Nyuma ya hao walikuwapo wengine wengi wasio na jina, waliochora ukingo ule ule kwa mtindo ule ule na kuwauzia wageni. Na tangu mwaka 1989, kijiji cha Dafen huko Shenzhen, China, kimekuwa kikitoa picha za mafuta kwa wingi, nyingi zikiwa nakala, mchoraji amepanga turubai ukutani mfululizo na kupita akitia mbingu kwenye zote kabla ya kurudia na miti. Hata hizo zimechorwa kwa mkono, kwa rangi ya mafuta ya kweli. Kwa hiyo "imechorwa kwa mkono" peke yake halijawa neno la bei.

Sasa, mtu angejuaje? Angeigeuza. Mimi kazi yangu ni ya mgongo wa picha, na mgongo unasema kuliko uso. Picha ya baharia niliilaza kifudifudi juu ya taulo. Turubai limewambwa kwenye fremu ya ndani ya msonobari, pembeni kuna kabari ndogo nane, mbili kila kona, za kukaza turubai likilegea. Kwenye ubao umepigwa muhuri wa 8P. Ufaransa wana vipimo vyao vya turubai, namba na herufi. P ni ya mandhari ya nchi kavu, na 8P ni hiyo 46 kwa 33. Basi turubai ni la Kifaransa, na maneno ya marehemu yanaungwa mkono. Turubai lenyewe limeshikiliwa kwa pini za stepla, zimeota kutu ya miaka. Mwaka 1900 turubai lilipigiliwa misumari midogo. Stepla zimeenea kwenye kazi hii baadaye sana, kuelekea katikati ya karne iliyopita. Ni kweli picha kuukuu huweza kuwambwa upya kwa stepla, lakini hapo ungeona matundu ya misumari ya kwanza kwenye mkunjo wa turubai. Nilitafuta kwa lenzi pande zote nne. Hakuna hata tundu moja.

Na chini kabisa, kwenye ubao, kwa penseli: "Paris, Juni 1978. Kwa Mama Watoto."

Mtu aliyejiita mthamini hakuigeuza picha. Tarehe ilikuwa inamngoja upande wa pili.

Na si kwamba umri ungekuwa habari ya kujua tu. Umri ndio unaoamua namna ya kusafisha. Rangi ya wachoraji husagwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, na mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka juani. Hula hewa, hugeuka polepole, huendelea kugumu miaka na miaka. Rangi changa huyeyuka upesi kwa thina kuliko rangi ya miaka mia. Kwa hiyo yule bwana aliipa picha uzee isiokuwa nao, halafu akaisugua kama inao. Kwenye majumba ya makumbusho, wahifadhi huanza na kijiti chenye pamba iliyoloweshwa kwa mate yao wenyewe, sehemu ndogo kama kucha, kwenye kona isiyoonekana, na wakiona rangi kwenye pamba wanaacha palepale. Mate, Mhariri. Bila shilingi moja.

Niliazima taa ile ya mwanga wa bluu kwa jirani mwenye duka la kubadilishia fedha, ile ya kukagulia noti, tukafunga mlango wa kibanda. Vanishi iliyobaki iling'aa kijani hafifu picha nzima, na pale alipofuta palikuwa peusi, umbo la kiganja cha mkono kilichozunguka kwa haraka. Mama alitazama kimya, akasema, "Alikuwa anasugua kama anaosha sufuria." Taa hiyo hiyo inaweza kuonyesha sahihi iliyoongezwa juu ya vanishi kwa udanganyifu, na viraka vya rangi vilivyotiwa baadaye. Anayetaka kununua picha aiombe. Na tochi ya simu imulikwe kutoka ubavuni, mwanga ukitambaa juu ya uso wa picha: brashi ya kweli huacha matuta yanayofuata rangi, nyeupe ya taa ikiwa nene, kivuli kikiwa chembamba. Picha iliyochapwa na kupakwa gundi juu yake ina matuta yanayokwenda njia yake na rangi njia yake. Ukiweka lenzi utaona nukta nukta za mashine.

Nisidhaniwe nazungumzia mambo ya Wafaransa peke yao. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Miaka minne tu. Alichora kwenye hadibodi, kwa rangi ile ambayo sisi pia huiita ya mafuta, ya kupakia nyumba na baiskeli, akaandika jina lake kwa herufi kubwa. Picha zake chache zilizobaki zinatafutwa duniani, na zile zilizoandikwa jina lake na watu wengine ni nyingi mno. Nimeletewa hadibodi jipya kabisa, kingo bado zina unga wa msumeno, uso wake umepakwa chai kuufanya mzee, na jina la marehemu limetiwa chini. Nilikataa kuifanyia fremu. Wachoraji wa Oysterbay, jirani na Morogoro Stores, wanaoendeleza mtindo ule na kuandika majina yao wenyewe, hao ndio wanaonyang'anywa haki. Jina la uongo linamuumiza mnunuzi mara moja, linamuumiza mchoraji kila siku.

Nirudi kwenye bei, maana nilijua mama angeniuliza na aliniuliza. Nilimwambia kwanza kwamba mimi ni fundi, sithamini kwa cheti. Kisha nikamwambia ninalolijua. Picha ina bei zaidi ya moja. Kuna bei ya bima, ambayo ni gharama ya kupata nyingine kama hiyo dukani, na ndiyo kubwa. Kuna bei ya mnada, ambayo ni kile watu wawili walio ukumbini siku hiyo watakachoshindania, na humo mnada unakata chake. Mtu akikutajia tarakimu bila kusema ni bei ipi, hajakuambia kitu. Picha ya Blanchard iliyothibitishwa huuzwa maelfu kadhaa ya dola. Picha ya mchoraji asiyejulikana, ya ukubwa huu, ya mtindo huu, iliyouziwa mgeni mwaka 1978, huko Ulaya ni makumi au mamia machache ya yuro, hata ikiwa nzima. Ilikuwa nzuri na haikuwa ya mamilioni. Sikuona sababu ya kumficha mojawapo.

Alivuta pumzi. Nadhani alipata nafuu, kwa maana hakuwa na nia ya kuiuza tangu mwanzo. Alikuwa anasukumwa.

Ninaloliomba kwa wasomaji wako ni moja. Anayekuthaminia asiwe ndiye anayenunua, wala ndiye anayesafisha, wala asilipwe kwa kadiri ya bei anayoitaja. Huko Marekani kanuni za wathamini zinakataza kabisa malipo yanayofuata ukubwa wa bei, kwa sababu mtu mwenye fungu ndani ya jibu hawezi kutoa jibu. Mlipe kwa saa zake, akuandikie karatasi: vipimo, imechorwa juu ya nini, hali ya mgongo, hali ya uso, sahihi iko wapi, bei ni ya aina gani na ya tarehe gani. Asiyetaka kuandika, mwonyeshe mlango. Sisi huku tumezoea wathamini wa viwanja na nyumba, na hakuna anayekubali nyumba yake ithaminiwe na mtu anayetaka kuinunua. Picha ni hivyo hivyo.

Na kwa wajane na warithi hasa nasema: msikubali kitu kisuguliwe barazani kwenu. Vumbi la picha linaweza kungoja miaka kumi zaidi. Andikeni kwanza mnayoyajua, nani aliinunua, wapi, mwaka gani, mbandike mgongoni kwa bahasha. Maneno hayo machache ya baharia yalikuwa na nguvu kuliko maelezo yote ya mthamini.

Labda nalisemea jambo hili kwa uchungu kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Pangani, mji wa mtoni. Najua mtu anavyoweza kuubeba ukingo wa mto kifuani. Pantoni ikivuka kwenda Bweni jioni, maji yamegeuka rangi ya shaba, majahazi yameegeshwa chini ya nyumba za mawe ambazo nusu yake zimeshabomoka: hakuna anayenichorea hiyo nikaitundika, ninayo kichwani tu. Vijana wetu wenye brashi wanachora twiga na Wamasai kwa kuwa ndivyo vinavyouzika. Natamani mmoja wao aende Pangani na turubai, akae wiki. Fremu nitamtengenezea bure, na ahadi hii naiandika gazetini makusudi ili nishikwe nayo.

Picha ya mama wa Upanga sikuigusa uso. Alitaka nitafute mchoraji ajazie mwanga uliofutwa, nikamsihi asifanye hivyo, kwa kuwa rangi mpya ingekuwa mkono wa tatu juu ya jeraha la mkono wa pili. Nilitoa vumbi la mgongoni kwa brashi laini, nikakaza kabari zile nane, nikaitia fremu ya mninga yenye ukingo mpana kidogo upande wa chini. Mgongoni niliziba kwa ubao mwembamba kuzuia wadudu na unyevu, na chini ya ubao huo, penye maneno ya penseli ya baharia, nikakata kidirisha cha sentimita kumi na mbili kwa tatu, nikakiwekea plastiki ngumu inayoonekana ndani. Alipokuja kuichukua hakuutazama mto wala kanisa. Aliigeuza, akavaa miwani, akasoma.

Fundi wa fremu,
Magomeni, Dar es Salaam